Kuidai Serikali ya Kigeni: Kinga, Muda na Karatasi

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya mawakili, walimu, wanafunzi na wananchi

Nimechagua swali ninaloulizwa darasani, sokoni na hata msibani. Serikali ya nchi nyingine ikikutesa, ikichoma nyumba yako au ikimuua mzazi wako, unaweza kuipeleka mahakamani? Na kama unaweza, mahakama ipi?

Shabaha yangu leo ni kuonyesha kwamba jibu ni ndiyo, ila njia ni nyembamba, na anayeipita mara nyingi hapiti kwa sababu mateso yake yalikuwa makubwa kuliko ya wengine. Anapita kwa sababu kuna karatasi iliyoandikwa mapema na ikatunzwa. Nina hoja tano. Ya pili ni ndefu kuliko zote kwa kuwa ndiyo yenye watu wetu ndani yake, na nawaomba mnivumilie hapo.

Hoja ya kwanza: kinga ya dola

Sheria ya kimataifa inasema dola zote ni sawa, na kwa kuwa ni sawa, hakuna inayoweza kuiketisha nyingine mbele ya hakimu wake bila ridhaa. Hiyo ndiyo kinga ya dola. Zamani ilikuwa kamili. Ilianza kulegea serikali zilipoingia sokoni. Nigeria iliagiza saruji nyingi kupita uwezo wa bandari ya Lagos, meli zikapanga foleni baharini, malipo yakasimamishwa; mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikakubali kusikiliza madai dhidi ya Benki Kuu ya Nigeria. Majaji walisema anayefanya biashara ajibu kama mfanyabiashara. Marekani ilikwisha kuiandika kanuni hiyo katika sheria yake ya 1976, na Uingereza ikafuata 1978.

Lakini kazi za kidola zenyewe, yaani jeshi, polisi na magereza, zilibaki ndani ya kinga. Tazameni matokeo yake. Anayedai pesa za saruji anasikilizwa. Aliyeng'olewa kucha na askari wa serikali ileile anaambiwa mahakama haina mamlaka. Mimi naliona hili kuwa doa katika sheria ya kimataifa, na nimelisema kila nilipopewa nafasi ya kusema.

Msidhani ni nadharia tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyatupa madai ya Mkenya aliyeumia katika ajali iliyohusisha gari la jeshi la Uingereza, jeshi lililokuwa Kenya kwa mafunzo. Ajali imetokea Kenya, majeruhi ni Mkenya, mahakama ni ya Kenya, na bado kinga ikasimama. Mwaka 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Uingereza haikukosea kumfungia mlango mtu aliyedai kuteswa Kuwait. Kura zilikuwa 9 kwa 8. Kura moja ingegeuka, leo tungekuwa na mhadhara mwingine.

Kisha kuna kesi ya Ujerumani na Italia. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Ujerumani wa kikosi cha SS waliingia kijiji cha Distomo nchini Ugiriki wakaua watu 218, watoto wachanga na wazee wakiwemo. Miaka zaidi ya hamsini baadaye mahakama za Ugiriki ziliwapa ndugu wa marehemu ushindi dhidi ya Ujerumani, lakini waziri wa Ugiriki hakutoa kibali cha kukamata mali ya Ujerumani, na hukumu ikabaki maandishi matupu. Wadai wakahamia Italia, ambako tangu mwaka 2004 mahakama ya juu ilikuwa imesema kinga haiwezi kufunika uhalifu mkubwa wa kivita. Ujerumani ikaishtaki Italia katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa mjini The Hague. Hukumu ilitoka tarehe 3 Februari 2012, kwa majaji 12 dhidi ya 3: kinga inabaki, hata uhalifu ukiwa mzito namna gani.

Mmoja wa wale watatu alikuwa Abdulqawi Ahmed Yusuf, Msomali, ambaye baadaye akawa rais wa mahakama hiyo. Hakusema kinga ifutwe. Alisema mdai akiwa amefungiwa milango mingine yote, kinga isigeuzwe kuwa njia ya kukwepa fidia. Vijana wa sheria mlioko humu, isomeni hukumu ya walio wengi kwa ajili ya mtihani, kisha msome maoni ya Yusuf kwa ajili ya kazi yenu ya baadaye. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ya Italia iligoma kuifuata The Hague, ikisema katiba yao haiwezi kumnyima mtu haki ya kusikilizwa. Kesi zikafunguliwa upya, Ujerumani ikarudi The Hague mwaka 2022, na Italia ikaunda mfuko wake yenyewe wa kuwalipa wadai. Kwa hiyo ukatili ulitendwa na Ujerumani ya Hitler, na anayelipa ni mlipa kodi wa Italia. Siiti hiyo haki iliyokamilika, ingawa naelewa kwa nini mjane aliyechoka kusubiri ataipokea.

Hoja ya pili: mdai amfuate mdaiwa kwake

Kinga huilinda serikali mbele ya mahakama za wengine. Mbele ya mahakama zake yenyewe, kinga hiyo haipo. Ndiyo maana wazee wa Kenya walipotaka kuidai Uingereza walikwenda London.

Wengi wenu mnaijua historia, nitaigusa kwa ufupi. Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya ili kuzima uasi wa Mau Mau, nayo ilidumu hadi mwanzoni mwa 1960. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliswekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na vijiji vizima vikahamishiwa ndani ya uzio na handaki. Katika kambi za Mwea uliandaliwa utaratibu wa kuwagawa wafungwa sugu katika vikundi vidogo na kuwapiga hadi watii. Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikunywa maji mabaya.

Tarehe 23 Juni 2009 wazee watano waliwasilisha madai katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Kesi ilijulikana kwa jina la Mutua na wenzake. Miongoni mwao kulikuwa na wanaume waliohasiwa, mwanamke aliyedhalilishwa kwa namna ambayo sitaieleza mbele ya wazee, na mmoja aliyenusurika Hola baada ya kupigwa akapoteza fahamu. Mmoja wao alifariki kabla ya kesi kufika mbali. Nyuma yao walikuwapo Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, chama cha mashujaa wa Mau Mau na mawakili wa kampuni ya Leigh Day.

Kwa nini walichelewa hivyo? Swali hilo liliulizwa London, na linaulizwa hata kwetu. Jibu mojawapo linatuhusu sisi wenyewe. Amri ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi mwaka 2003. Kwa miaka arobaini baada ya uhuru, mzee aliyetaka kuunda chama cha waliokuwa kizuizini alikuwa anakaribia kuvunja sheria ya nchi yake. Mkoloni alifunga mlango, nasi tukauacha umefungwa.

Uingereza ilijitetea kwanza kwa kusema kwamba dhima zote za serikali ya kikoloni zilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Yaani aliyeteswa aende kuidai nchi iliyozaliwa kutokana na mateso yake. Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuitupa kesi, akaona wadai wana hoja ya kusikilizwa. Uingereza ikashika ngao ya pili, nayo ni ukomo wa muda. Katika sheria yao, madai ya kuumizwa mwili hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Hapa ilikuwa imepita zaidi ya miaka hamsini.

Jaji wa Uingereza anaruhusiwa kuuweka kando ukomo huo akiridhika kwamba kesi bado inaweza kusikilizwa kwa haki. Ataridhikaje, wakati maofisa wengi wamekufa na mashahidi wamezeeka? Hapo ndipo karatasi zilipoamua. Mwanahistoria David Anderson alieleza mahakamani kwa maandishi kwamba kulikuwa na majalada yaliyoondolewa Nairobi karibu na uhuru na hayajaonekana tangu wakati huo. Wizara ikabanwa, na mwaka 2011 ikakiri: majalada yapo, takriban 1,500 ya Kenya, yamehifadhiwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi kaskazini ya London. Pamoja nayo yalikuwapo maelfu mengine kutoka makoloni 37, Tanganyika na Uganda zikiwemo. Mengine mengi yalikuwa yameteketezwa makusudi kabla ya bendera kushushwa.

Nataka mtafakari kidogo hapa. Maofisa waliohama na yale majalada walikuwa wakiilinda serikali yao. Lakini waliandika mno. Katika barua ya mwaka 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimweleza Gavana jinsi ya kuwapiga wafungwa bila kuvuka mpaka wa sheria kama alivyouona yeye, na akashauri kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Walioandika hayo hawakujua kwamba wanamwandalia ushahidi mkulima wa Nyeri ambaye angeutumia zaidi ya nusu karne baadaye. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe lilikuwa mikononi mwa aliyechukua.

Julai 2012 wakili wa serikali ya Uingereza alisimama mahakamani akakubali kwamba wadai waliteswa na maofisa wa utawala wa kikoloni. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki, kwa sababu nyaraka zilikuwa nyingi na zilifika hadi kwenye ngazi za juu za utawala. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama katika Baraza la Makabwela akatamka masikitiko ya dhati ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa wadai 5,228. Aliahidi pia mnara wa kumbukumbu. Ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015. Gharama hizo zikiondolewa, kila mdai alipata kwa wastani kama pauni 2,600. Hague hakukubali kwamba Uingereza ina dhima kisheria.

Nimewahi kusikia watu wakisema pesa zile zilikuwa tusi. Kwa mtu aliyehasiwa, ndiyo, hakuna hesabu inayolingana. Hata hivyo nawaomba msiishie kwenye kiasi. Kwa mara ya kwanza serikali ile ilisema, ndani ya bunge lake, kwamba Wakenya waliteswa na utawala wake. Neno hilo limeingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na hakuna mwanafunzi wa Kenya atakayeambiwa tena kwamba babu yake alikuwa anatunga.

Sasa upande wa pili, ambao magazeti yetu yaliuandika kidogo sana. Baada ya mafanikio yale, zaidi ya wadai 40,000 wengine walifungua kesi mpya London, iliyoitwa Kimathi na wenzake. Shauri lilisikilizwa kwa miaka. Mwaka 2018 Jaji Stewart alilitupa. Hakusema wadai ni waongo. Alisema muda umepita mno, mashahidi wamekufa, na safari hii hakuona kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki. Mahakama ileile, nchi ileile, kambi zilezile. Kesi ya kwanza ilikuwa na watu wachache, kila mmoja na makovu yaliyopimwa na madaktari na maelezo yaliyoweza kulinganishwa na majalada. Ya pili ilibeba umati, na maelezo mengi yalichukuliwa haraka wazee wakiwa tayari wanasahau majina na miaka. Ninaposema karatasi ndiyo inayoamua, ninasema nikiwafikiria hao 40,000.

Njia hiihii ya kumfuata mdaiwa kwake imezaa matunda kwingine. Mahakama ya The Hague, nayo ni ya kawaida ya Uholanzi, si ile ya kimataifa, iliamua Septemba 2011 kwamba Uholanzi iwalipe wajane wa kijiji cha Rawagede, Java, ambako askari wa Kiholanzi waliua wanaume mwezi Desemba 1947. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ilisema Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowanyang'anya mama zao watoto machotara huko Congo na kuwapeleka kwenye misheni. Wadai walikuwa wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo katika miaka ya 1940 na 1950. Mahakama ya chini ilikuwa imewakatalia mwaka 2021. Kila mmoja alipewa euro 50,000. Wakati wa hukumu walikuwa mabibi wenye wajukuu, na majalada ya serikali ya kikoloni yenye majina yao ndiyo yaliyowabeba.

Hoja ya tatu: sheria inayochagua nani ni mwathirika

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 mabomu mawili yalilipuka karibu kwa wakati mmoja, Nairobi na Dar es Salaam, kwenye balozi za Marekani. Watu 224 walikufa, 11 kati yao hapa Tanzania. Jijini Nairobi jengo la Ufundi lililokuwa ubavuni mwa ubalozi liliporomoka lote, na ndani yake kulikuwa na chuo cha uhazili.

Marekani ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1996 inayoondoa kinga kwa nchi ambazo yenyewe inaziorodhesha kuwa wafadhili wa ugaidi. Sudan ilikuwamo katika orodha, na kabla ya 1996 kundi la Al-Qaeda, lililofanya mashambulizi hayo, lilikuwa limepewa hifadhi Khartoum. Kesi zikafunguliwa Washington. Mwaka 2014 mahakama iliiamuru Sudan ilipe zaidi ya dola bilioni 10. Rufaa zikafuata, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hata fidia ya adhabu inaruhusiwa. Kufikia hapo mtawala wa Sudan, Omar al-Bashir, alikuwa ameshaangushwa na wananchi wake. Serikali ya mpito, ikihitaji kutoka kwenye orodha ile ili ikope na kufanya biashara, ililipa dola milioni 335, na Desemba 2020 ikaondolewa.

Wakenya na Watanzania waliokuwa waajiriwa wa ubalozi walikuwa miongoni mwa wadai, pamoja na familia zao, na nafurahi kwa kila shilingi waliyoipata, ingawa mgao ulitofautiana kwa uraia. Lakini ile sheria inawatambua Wamarekani, askari wao, na watumishi na makandarasi wa serikali yao. Mwanafunzi wa uhazili katika jengo la Ufundi hakuwamo. Mchuuzi wa magazeti na abiria wa matatu iliyokuwa ikipita hawakuwamo. Bomu halikuuliza kitambulisho, sheria ikauliza.

Na mlipaji alikuwa nani? Watu wa Sudan, waliotoka barabarani kwa miezi kumwondoa mtawala yuleyule aliyewapa hifadhi wauaji. Kinga inapoondolewa na taifa moja lenye nguvu, kwa orodha yake na kwa ajili ya watu wake, silaha hiyo huwapiga wanyonge wa pande zote mbili. Naunga mkono kuondolewa kwa kinga katika mateso na mauaji. Siungi mkono orodha inayoandikwa na waziri mmoja wa mambo ya nje.

Hoja ya nne: dola ikikudaia

Hapa nitakwenda haraka. Congo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague, mwaka 1999 kwa kuvamia mashariki ya nchi, na kwa vita vya majeshi ya Uganda na Rwanda ndani ya Kisangani, mji usio wa yeyote kati yao. Ilishinda mwaka 2005. Mazungumzo ya fidia hayakuzaa kitu, mahakama ikarudi, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa mafungu matano ya kila mwaka. Milioni 225 kati yake ni kwa madhara waliyopata watu.

Miaka 22 tangu kufungua kesi hadi kiasi kujulikana. Na pesa inaingia kwa serikali, haingii kwa mama wa Kisangani aliyepoteza mtoto. Congo iliunda mfuko maalumu wa kuwalipa waathirika, na malalamiko ya wananchi juu ya uendeshaji wake yamekuwa makali. Majaji wenyewe walilalamika kwamba ushahidi wa Congo ulikuwa hafifu, idadi ya waliokufa haikuthibitishwa, ndiyo maana kiasi kilichotolewa kilikuwa sehemu ndogo ya mabilioni yaliyodaiwa. Kwa mara nyingine tena, karatasi.

Hoja ya tano: mahakama mbili za mji huu

Tuko Arusha, na nje ya ukumbi huu kuna mahakama mbili ambazo wananchi wengi wa Arusha hupita karibu nazo bila kujua kwamba zinaweza kuwa zao.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki humruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuhoji uhalali wa tendo la nchi yoyote mwanachama. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hausemi lazima iwe nchi yako. Mkazi wa Kigoma anaweza kuihoji Burundi, mkazi wa Kampala anaweza kuihoji Rwanda. Kinga haipo, kwa sababu nchi zilikubali zenyewe zilipotia saini. Mwaka 2011 mahakama hiyo iliamua kwamba Rwanda ilivunja Mkataba kwa kumshikilia ofisa wa jeshi bila kumfikisha mbele ya hakimu. Aliyeleta shauri alikuwa dada yake. Tatizo ni muda: miezi miwili tu tangu tendo litokee au ulijue. Madai kuhusu ukatili wa operesheni ya jeshi la Kenya katika Mlima Elgon mwaka 2008 yalitupwa na kitengo cha rufaa mwaka 2012 kwa kuchelewa. Miezi miwili kwa mtu ambaye bado anamtafuta mwanawe mochwari! Naomba wabunge wa Afrika Mashariki wasikie hili: kifungu hicho kibadilishwe.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mtu binafsi huifikia tu kama nchi inayoshtakiwa imetoa tamko la kuruhusu. Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, iliondoa lake Novemba 2019. Kenya ilijiunga na mahakama lakini haijawahi kutoa tamko. Nasema kwa heshima zote kwa serikali zetu, na nasema kwa uchungu: hatuwezi kushangilia wazee wa Mau Mau walipoingia mahakama ya London huku tukiwafungia watu wetu mlango wa Arusha. Milango ya kati ya dola na dola bado iko wazi kidogo. Juni 2025 mahakama hiyo ilisema ina mamlaka ya kusikiliza shauri la Congo dhidi ya Rwanda. Lakini nimeshawaonyesha katika hoja ya nne jinsi njia hiyo inavyomzunguka mwathirika.

Tulipo sasa na tunakokwenda

Mabibi na mabwana, mabadiliko makubwa ya sheria ya kinga yatachukua muda, na wengine wetu hatutayaona. Yako mambo ya karibu zaidi.

Machi 2021 moto uliozuka wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza uliteketeza sehemu kubwa ya Lolldaiga, Laikipia. Wakazi walifungua kesi nchini Kenya, hawakwenda London. Mwaka 2022 mahakama ya Kenya ilikataa hoja ya kinga, ikitegemea mkataba wa ulinzi ambao nchi hizo mbili zilitia saini, na mwaka 2025 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai. Linganisheni na ile kesi ya ajali ya 1983: jeshi ni lilelile, mafunzo ni yaleyale, nchi ni ileile. Kilichobadilika ni kifungu katika mkataba. Kwa hiyo bunge lolote la kanda yetu linapoletewa mkataba wa kuruhusu askari wa kigeni, walinzi binafsi au vikosi vya kulinda amani, mbunge aulize kabla ya kupiga kura: raia akiumizwa, atashtaki wapi, na nani ameridhia kushtakiwa? Likiulizwa kabla ya saini, swali hilo linaweza kuokoa miaka hamsini.

La pili ni lenu wanafunzi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa, sasa amevuka tisini. Waliokuwa watoto katika vijiji vya uzio sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini. Waliokimbia vita vya Kisangani mwaka 2000 ni watu wazima wenye nguvu, na wanakumbuka vizuri leo kuliko watakavyokumbuka kesho. Maelezo yachukuliwe kwa lugha anayoiota mtu, si kwa Kiingereza cha mkalimani. Yawe na tarehe, mahali, majina ya walioshuhudia, hata majina ya utani waliyopewa maofisa. Yaapiwe mbele ya kamishna wa viapo. Aliyeumia leo achukue fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, na nakala ibaki nyumbani pamoja na kadi ya hospitali. Nakala nyingine ikae mbali na nyumba, maana nyumba huchomwa.

Nimezungumza na walimu wenzangu, na tumekubaliana kuanzisha kazi hiyo na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakati wa likizo ijayo, kila mmoja katika wilaya yake, akianza na wazee anaowajua. Mawakili wasomi mlio tayari kuwasimamia vijana hawa bila malipo, naomba mwandike majina yenu mezani kwa katibu kabla ya kuondoka.